Mstari Chini ya Kidevu

Fundi kufuli hakubadilisha maneno. Tangu akamatwe alikuwa anasema lilelile: mama mkunga hamjui, nyumba yake haijui, na mtaa wenyewe mara ya mwisho kuukanyaga ni zamani, alipokwenda kumzika rafiki yake. Aliyasema hayo kwa Mkuu wa kituo, akayasema kwa askari wa zamu, na asubuhi hiyo aliyarudia mbele ya inspekta mwanamke ambaye wenzake walimwita Kupe, kwa sababu akishakamata kitu haachii.

Kupe alivuta kiti akamtazama vizuri. Alikuwa mtu wa makamo, mabega membamba, vidole vimekomaa kwa tupa na chuma. Ujanani aliwahi kufungwa kwa kuvunja duka, na ndipo polisi walipochukua vinasaba vyake wakaviweka kwenye kumbukumbu zao. Alipotoka jela aliuchukua ujuzi uleule wa kufungua milango ya watu akaufanya kazi halali, na mpaka leo mtaani kwake walimtania kwamba sasa analipwa kwa kile alichofungiwa.

"Mama mkunga amenyongwa sebuleni kwake," Kupe alimwambia. "Shingoni mwake umepatikana wewe. Nieleze umefikaje hapo."

"Ningekuwa najua ningekwambia, afande. Na mimi nataka kujua."

Jibu hilo lilimkera Kupe, tena lilimkera kwa sababu hakujua aliweke wapi. Waongo aliowazoea huwa na hadithi, na ukiwabana wanaongeza nyingine. Huyu hakuwa na hadithi. Alichokuwa nacho ni kwamba mchana wa mauaji alikuwa upande wa pili wa mji akimfungulia gari mteja aliyesahau funguo ndani. Mteja alitafutwa, akakubali. Lakini kazi ile iliisha mapema, na kuanzia hapo hakuna aliyemwona fundi. Mtu mwenye nia angefika kwa mkunga na akaondoka kabla jua halijapoa.

Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri Kupe kwenye korido. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Mlango wa marehemu haukuvunjwa, mtuhumiwa anafungua milango kama watu wanavyomenya ndizi, na vinasaba vyake viko shingoni kwa marehemu. "Unataka nini tena?" alimuuliza. "Akuandikie barua?"

Kwa kweli Kupe hakuwa mbali naye. Kilichomsumbua ni ripoti ya maabara tu, ambayo ilikuwa imejaa "inawezekana" na "haijathibitika" kiasi kwamba mwanasheria wa utetezi angeipasua kama karatasi ya kufungia vitumbua. Alitaka maneno yenye mifupa. Akachukua gari akaenda kuyadai mwenyewe.

Maabara ilikuwa nyuma ya hospitali kuu, jengo la ghorofa moja lenye madirisha yasiyofunguliwa. Mlangoni alivalishwa mifuko ya viatu, koti jeupe na barakoa, akaelekezwa chumba cha mwisho. Mkemia aliyekuwa ndani hakumpa mkono. Alikuwa mama wa umri wa kukaribia kustaafu, mwembamba, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Polisi walimwita Bibi Labda. Jina hilo alilipata mahakamani, siku wakili wa serikali alipomuuliza mara tatu kama ana hakika, naye mara zote tatu akajibu labda, na kesi ikaanguka. Kupe alikuwepo siku hiyo, na jioni yake alicheka na wenzake.

Hata hivyo hakuna aliyethubutu kusema mama yule hajui kazi. Kutoka kwenye ukingo wa kikombe kimoja aliwahi kumpata mtu aliyemwekea mkewe sumu. Kutoka kwenye kipande cha mfupa kisichozidi kidole aliipa familia moja maiti yao waizike, baada ya kuitafuta mpaka wakakata tamaa. Kazi iliyowashinda watu wawili kabla yake ndiyo iliyoletwa mezani kwake.

Kupe alimweleza shida yake bila kuzunguka. Alitaka ripoti iseme wazi kwamba fundi kufuli alimshika mkunga shingoni.

Mkemia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha kitasa cha mlango.

"Umeingia kwa kukishika kile. Nikikipangusa sasa hivi nitakupata wewe, nitajipata mimi, nitampata anayefagia hapa. Na pengine nitampata mtu uliyempa mkono ulipokuwa unatoka kazini, ambaye tangu azaliwe hajawahi kulikanyaga jengo hili."

"Kwa hiyo vinasaba ni bure?"

"Sijasema hivyo. Ukiniletea tone la damu tutaongea mengine. Hapa umeniletea punje za ngozi ambazo jicho halizioni, tena zimechanganyika za watu zaidi ya wawili. Zinanieleza ni za nani. Hazinielezi zilifikaje wala lini. Zikinyamaza, mimi siwezi kuzisemea."

Kupe alijaribu njia nyingine. Akauliza kama angalau kiasi chenyewe si kikubwa, kwa mtu anayedai hajawahi kumgusa marehemu. Mkemia alikubali kwamba hilo lilimshangaza hata yeye. Watu wengine ngozi yao humwagika kuliko wengine, hasa wakitoka jasho, lakini bado lilimshangaza. Ndiyo maana alifurahi kwamba kabla ya hapo alikuwa amempigia simu daktari wa maiti akamwomba asiipanguse shingo yote kwa kijiti kimoja cha pamba. Alimwomba aigawe: kulia peke yake, kushoto peke yake, taya peke yake, kidevu peke yake. Daktari alinung'unika kwamba anaongezewa kazi, lakini aliifanya.

"Na umepata nini?"

Mkemia alivua glavu, akainua kidole akakiweka kwenye shingo yake mwenyewe, pande mbili za koo. Hapo, alisema, ndipo zilipo alama za vidole vya muuaji. Hapo amempata marehemu mwenyewe, amempata mdogo wake wa kiume, na kivuli cha mtu mwingine hafifu mno. Huyo mdogo wake anaishi naye nyumba moja, tena alishaeleza kwamba alipomkuta sakafuni alimwinua kichwa, kwa hiyo kumkuta hapo si ajabu. Kisha akakihamisha kidole. Alikianzisha chini ya sikio, akakiteremsha polepole kufuata taya, akakipitisha chini ya kidevu, akakipandisha mpaka kwenye sikio la pili.

"Fundi wako yuko hapa. Kwenye mstari huu. Penye alama za vidole, sina cha kusema juu yake."

Kupe aliutazama ule mstari usioonekana kwenye shingo ya mama yule. "Basi siye aliyemnyonga."

"Labda," mkemia alisema. "Na labda alivaa glavu, na huko kwingine alimgusa kwa sababu nyingine. Usinigeuzie maneno, inspekta. Umekuja unataka niseme ni yeye, sasa unataka niseme siye. Mimi najua wapi. Kwa namna gani, hiyo ni kazi yako, na sikuonei wivu."

Alilisema bila hasira, akavaa glavu mpya. Kupe alitoka pale akijiona mdogo kidogo. Alikuwa amekwenda kumtikisa mtu, akakuta amesimama palepale alipokuwa amesimama tangu siku ile mahakamani. Ndani ya gari alipitisha kidole chini ya kidevu chake, sikio hadi sikio, akarudia, mpaka dereva wake akamuuliza kama jino linamuuma.

Wazo la kwanza lilikuwa mtandio. Mwanamke akiufunga mtandio unapita palepale, na kama ulikuwa wa mtumba au umepita kwenye mikono ya fundi kwa bahati mbaya, basi. Alirudi kwenye nyumba ya marehemu, akafungua kabati akiwa na askari wa kike, wakakitoa kila kitambaa. Lakini picha za siku ile zilimwonyesha mkunga kichwa wazi, na mitandio yote ilikuwa imekunjwa safi, inanuka sabuni. Wazo likafia hapo.

Akavuka uzio kwenda kwa jirani, mwalimu mstaafu ambaye ndiye alikuwa akimpeleka mkunga kliniki kupima presha kila ilipofika zamu yake. Mwalimu alimkaribisha kiti, akaanza kujilaumu kabla hata hajaulizwa. Siku ile gari lake lilikuwa gereji. Alimpigia mkunga kumwomba radhi, naye akamwambia asijali, miguu anayo na barabara zipo, atapanda chochote kitakachotokea mbele yake. Huko kuongea ndiko kulikuwa kwa mwisho. Mwalimu alidhani alipanda basi.

Kupe alikwenda kwenye kliniki yenyewe. Hakuingia ndani. Alisimama getini, juani, akaangalia watu wanavyoondoka. Mgonjwa mmoja alitoka, akaita pikipiki. Dereva alimpandisha nyuma, akaitoa helmeti iliyokuwa inaning'inia kwenye usukani, akamvisha, akavuta mkanda akaufunga chini ya kidevu.

Mkanda ulianzia sikioni ukaishia sikioni.

Hakukimbia, ingawa miguu ilitaka. Aliwaendea madereva mmoja mmoja na picha ya mkunga, akawauliza kwa upole, maana watu wa pikipiki wakiiona sare huwa ghafla hawajui chochote. Wa kwanza hakujua, wa pili hakujua. Aliyefuata aliipokea picha kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mnene wa uso, akasema yule mama ndiye aliyempokea alipozaliwa, mama yake alimwonyesha tangu akiwa mdogo. Siku ile alimbeba bure. Mkunga aliikataa helmeti kwanza, akisema kichwa chake hakikuumbwa kuvaa sufuria, akaivaa kwa kulazimishwa, na njia nzima alilalamika inambana masikio. Alimshusha getini kwake, akamwona anaingia, akaondoka.

"Kabla yake ulimbeba nani?"

Hakukumbuka mpaka alipoonyeshwa picha ya pili. Hapo akacheka. Alimbeba jamaa huyu kutoka upande wa pili wa mji, na sanduku lake la vyuma lilimchoma mbavu safari nzima. Jamaa alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka kuoga. Alimshusha karibu na hapo, na abiria aliyefuata ndiye mama mkunga.

Kupe alimwomba helmeti, akaitia kwenye mfuko wa karatasi mbele yake, akamwomba jambo jingine moja: asimwambie mtu, hata mama yake.

Kituoni alimwita fundi kufuli akamuuliza swali ambalo, kwa aibu yake, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Siku ile ulirudi na nini? Fundi alisema pikipiki. Ulivaa helmeti? Alivaa, dereva alimlazimisha, nayo ilikuwa inanuka. Alimkazia macho Kupe, akijaribu kuelewa swali linakwenda wapi. Kupe hakumwambia. Aliagiza tu aletewe chai.

Majibu ya helmeti yalipotoka, mkemia alimpigia mwenyewe. Kwenye mkanda yumo fundi kufuli, yumo mkunga, na umo umati wa watu wengine ambao hakutaka hata kuwahesabu. Ikiwa ni kweli wawili hao waliivaa kwa kufuatana, alisema, angeshangaa zaidi kama asingemkuta fundi kwenye kidevu cha mkunga. Kwa Bibi Labda hiyo ilikuwa sawa na kupiga vigelegele. Lakini aliongeza kwamba helmeti inaeleza vinasaba tu. Haielezi fundi alikuwa wapi mkunga anakufa.

"Najua," Kupe alijibu, na safari hii alijua kweli.

Alikaa na jambo hilo kwa muda. Kama fundi alifikishwa pale na mkanda, basi swali lilikuwa palepale: nani aliingia bila kuvunja mlango? Mtu ambaye vinasaba vyake vingekuwa shingoni kwa marehemu na pasiwe na wa kushtuka. Yule ambaye hajawahi kufika kwenye nyumba ile, ngozi yake ilikuwa imemponza, na yule anayelala humo, ngozi yake ilikuwa imemsitiri. Maabara isingewatenganisha. Hapo ilitakiwa kazi ya maneno.

Mdogo wake marehemu alikuwa mlinzi wa geti kwenye yadi ya magari. Majirani walimwita Anko. Maelezo yake yalikuwa mafupi na safi: asubuhi alimwacha dada yake anakunywa chai, jioni alimkuta sakafuni. Katikati ya hapo hakumwona. Kupe alimkuta nyumbani, wakakaa sebuleni kuleule, yeye kwenye kochi na Anko kwenye kiti cha mbao. Alimpa pole upya. Alimwambia fundi kufuli huenda akaachiwa, ushahidi umepungua nguvu, na kwa hiyo inabidi warudie mambo madogomadogo.

Anko alisema hakuna shida, aulize tu.

Alimuuliza juu ya taa, juu ya pazia, juu ya funguo ziliko. Anko alijibu yote. Kisha Kupe akatoa picha moja, ya kichwa tu, akamwomba msamaha kwa kumwonyesha.

"Kuna kitu kinanisumbua. Mwalimu anasema dada yako alikuwa mtu wa kujipenda, hatoki nje hajachana nywele. Hapa zimelala upande mmoja, zimebonyea. Nafikiri alipambana sana na huyo mtu. Wewe unaonaje?"

Anko aliitazama picha. Labda alitaka dada yake asionekane aliteseka. Labda alitaka tu kusaidia, kama mtu anayesaidia polisi anavyotakiwa.

"Hapana, hakupambana," alisema. "Hizo ni za helmeti. Alisema ilimbana masikio, akaja anajikuna..."

Akaitazama tena picha.

 Kupe hakuandika kitu. Nje, nyumba ya jirani, mtu alikuwa anapiga deki, maji yanamwagika kwenye sementi.

"Alikwambia lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi alikuwa hajaivaa, Anko."

Mwanamume yule aliirudisha picha mezani kwa uangalifu, kana kwamba ingevunjika. Alipoanza kuongea hakuinua uso. Siku ile alitoroka kazini, akamwomba mwenzake amshikie geti, akaja kumsubiri dada yake waongee. Mkunga alikuwa ameamua nyumba iwe ya wajawazito wasio na pa kulala wakisubiri kujifungua, na alikuwa amemtafutia yeye chumba mahali pengine. Anko alizaliwa kwenye nyumba hiyo. Waliongea, wakapandishiana sauti, majirani wangesikia, akamshika.

"Nilitaka anyamaze tu," alisema. "Nilitaka anyamaze kidogo nimweleze."

Kupe alimwacha amalize kulia, kisha akamfunga pingu.

Mkuu wa kituo alizipokea habari kwa furaha ya mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Akaipigia simu maabara mbele ya Kupe. Sasa aandike basi, alimwambia mkemia, aandike kwamba vinasaba vya huyu mdogo mtu viko penye alama za vidole, mambo yaishe. Kupe hakuhitaji kusikia upande wa pili. Aliyasoma majibu kwenye uso wa Mkuu, jinsi ulivyoanza kuvimba. Mtu anaishi na marehemu, wanatumia taulo moja, na alimwinua kichwa. Kwamba amekiri, hilo lipo polisi; kwenye vijiti vya pamba halimo. Ripoti ingebaki ilivyo.

Mkuu alikata simu akasema yule mama ana roho ya jiwe. Kupe hakubishana naye. Alichukua kofia yake akaenda kwenye yadi ya magari kwa miguu, akamkalisha yule mlinzi mwenzake Anko kwenye benchi, na haikuchukua muda mrefu akapata alichokifuata: geti lilishikiwa, na Anko aliporudi alikuwa anatetemeka, akasema ni homa. Njiani kurudi aligundua kwamba hana hasira yoyote. Kesi ilikuwa imesimama kwa miguu yake, na hakukuwa na neno ndani yake ambalo mtu angekuja kulipasua.

Fundi kufuli aliachiwa mchana. Alirudishiwa mkanda wa suruali na sanduku lake, akalifungua kuhakikisha tupa zote zimo. Mkewe alikuwa nje, amekaa ukingoni mwa kibaraza, hajaambiwa bado kwamba aingie. Kupe alimweleza fundi yote, ya helmeti na ya mstari, maana alikuwa na haki ya kujua. Fundi alisikiliza bila kukatiza. Alichouliza ni huyo mama wa maabara ni nani, na kama anaweza kwenda kumshukuru.

Kupe alipiga simu palepale kaunta. Mkemia alimsikiliza, kisha akasema asije.

"Mwambie asinishukuru. Kama majibu yangekuwa ya kumfunga, ningeyaandika hivyohivyo."

Kupe alifikiria kuyalainisha, akaona hapana. Akayatoa kama alivyoyapokea.

Fundi alilihamishia sanduku lake mkono wa pili. Kisha akasema kwamba tangu atoke jela kila mtu aliyemtendea wema alikuwa anamwonea huruma, na kila aliyemtendea ubaya alikuwa anakumbuka lile duka. Huyu hakumwonea huruma, wala duka hakulikumbuka. Alimwangalia yeye, pale alipokuwepo na pale asipokuwepo.

"Mwambie hivyo," alisema. "Ndiyo shukrani yangu."

Akatoka nje kwa mkewe.